Usingoje Lenzi ya Milioni, Tofauti ni Mita 28

Andika neno Lamu mahali popote unapotafutia picha, halafu uone utaletewa nini. Mlango wa mbao wenye nakshi. Punda. Jahazi limetanda tanga, jua linatua. Mgeni kajifunga kikoi, katupa mgongo, anatazama bahari. Shuka chini zaidi: mlango mwingine, punda mwingine.

Sina neno na punda. Punda ndio matatu zetu. Lakini ukiishi Amu mwaka mzima unajua kuna Amu nyingine ambayo haimo kwenye hizo picha. Maji yakitoka, matope ya kando ya mikoko yanajaa ndege. Kuna yule mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama kisu, kazi yake ni kula kaa. Wataalamu wanamwita Dromas ardeola. Katika familia yake yuko peke yake, hana hata binamu. Anachimba shimo mchangani kule Oman, Ghuba na pwani ya Somalia, anataga yai moja jeupe, halafu anashuka kwetu kukaa miezi na miezi. Tunapita naye na mashua kila siku, wala hatumtazami.

Anayemtazama ni nani? Mara nyingi ni mgeni wa siku nne, na lenzi kama bomba la maji. Anapiga, anapanda ndege pale Manda, picha inaondoka naye.

Ndiyo maana naandika leo. Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wenzangu ni hili: "Kaka, nataka kupiga picha za ndege na wanyama, lakini sina hela ya kamera ya maana. Ningoje?" Usingoje. Kamera ya daraja la chini na lenzi moja ya zumu ya mbali zinatosha kuanza, na kwa mtu anayeishi Amu zitamtosha miaka. Sisemi hivi kukutia moyo, maneno ya kutia moyo yamejaa mtandaoni. Nasema kwa hesabu.

HESABU YENYEWE

Chukua kamera ya wanaoanza, mfano Canon 2000D iliyotoka 2018. Kihisi chake, kile kipande kinachopokea mwanga, kina upana wa milimita 22.3. Ifunge lenzi ya 55-250mm na uvute mpaka mwisho. Ndege akiwa mita 20 kutoka kwako, fremu yako inaona upana wa karibu mita 1.8. Yule mla kaa wetu ana kama sentimita 40. Yaani anachukua zaidi ya moja kwa tano ya upana wa picha. Na picha ina megapikseli 24, kwa hivyo ukikata pembeni kumsogeza karibu, bado unabaki na picha safi ya kuposti, hata ya kuchapisha kwa ukubwa wa kawaida.

Sasa rudisha ile lenzi ndogo inayokuja na kamera dukani, 18-55mm. Umbali ule ule wa mita 20, ukivuta mpaka mwisho, fremu inaona mita 8. Ndege wako amekuwa punje ya mchele kwenye sinia.

Na simu? Simu nyingi tulizonazo zikisema zinavuta mara kumi, zinachofanya ni kukata picha na kuikuza. Manyoya yanageuka uji. Kuna simu zenye lenzi ya mbali ya kweli, sikatai, lakini uliza bei yake kwanza. Kwa pesa hiyo unapata bodi ya kamera ya mtumba, lenzi ya mbali ya mtumba, kadi ya memori na betri ya pili, na chenji ya mahamri inabaki.

Haya, twende kwa mabwana wakubwa. Lenzi yao ya 600mm inazidi shilingi milioni moja. Ukiifunga kwenye kamera ile ile, ndege anaonekana kwa ukubwa ule ule akiwa mita 48. Toa 20. Zinabaki 28.

Rudia kusoma hapo. Kwa upande wa ukubwa wa ndege kwenye picha, ile milioni imenunua mita 28. Tuwe wakweli, inanunua na vitu vingine: mwanga mwingi zaidi, fokasi ya haraka, mandhari ya nyuma kulainika kama hariri. Mtu anayekula kwa kazi hii anavihitaji. Lakini wewe unayeanza unanyimwa usingizi na umbali, na umbali wenyewe ni mita 28. Mgeni wa siku nne hana budi kuzinunua. Mwana wa Amu anaweza kuzipata bure.

MAJI NDIYO YANAKULETEA NDEGE

Maji yakikupwa kabisa, ndege wametawanyika hadi mwisho wa fungu, mita mia mbili, mia tatu. Hapo hata lenzi ya milioni inatoa picha ya nukta nyeupe. Lakini maji yakianza kujaa, kila dakika matope yanapungua na ndege wanasukumwa kuja juu. Wewe unayejua ni fungu lipi hufunikwa la mwisho unakwenda mapema, unakaa chini, unatulia, jua likiwa mgongoni. Usimfuate ndege. Bahari itamleta.

Siku za bamvua maji yanajaa zaidi na kufunika mafungu mengi, kwa hivyo ndege wanabanwa mahali padogo. Maji mafu wanabaki wametapakaa. Hii si elimu ya kulipia mtandaoni. Muulize mzee yeyote aliyevua kwenye mkondo wa Mkanda au Manda, atakwambia akiwa anashona wavu. Tatizo letu ni kwamba elimu hiyo tunaiona ya kizamani, halafu tunakesha tukiangalia video za mtu wa Kanada akieleza namna ya kumsogelea bata.

Kitu kingine ambacho pesa haishindi ni joto. Ikifika saa nne asubuhi hewa juu ya mchanga wa Shela inaanza kucheza, unaona mbali kunatetemeka. Kila lenzi hapo inatoa picha laini, ya bei nafuu na ya milioni pia, na kadiri unavyopiga kutoka mbali ndivyo inavyozidi kuharibika. Dawa ni mbili: nenda alfajiri, na uwe karibu. Zote mbili ni za mtu anayelala hapa hapa.

NINI UNUNUE, NINI UKIMBIE

Kanuni moja: pesa nyingi iende kwenye lenzi, kidogo iende kwenye bodi. Bodi ya miaka minane nyuma bado inapiga vizuri. Lenzi mbaya itakuudhi kila siku.

Upande wa Canon, tafuta 55-250mm ile iliyoandikwa IS STM. IS maana yake kuna kitu ndani kinachotuliza mtikisiko wa mikono. Ina gramu 375 hivi. Utakutana sana na 75-300mm inayouzwa rahisi, na jina lake linavutia kwa sababu 300 ni kubwa kuliko 250. Tulia. Ile 75-300 ya kawaida haina kitulizi, na ukiivuta mpaka mwisho picha inakuwa na ukungu. Hizo milimita 50 za ziada hazikusaidii kitu.

Upande wa Nikon, D3500 na lenzi ya AF-P 70-300mm ni ndoa nzuri sana. Hakikisha lenzi imeandikwa VR, kwa sababu zipo mbili zinazofanana na moja haina kitulizi. Na kama unanunua bodi ya zamani zaidi, mfano D3100 au D5100, lenzi hiyo ya AF-P haitashika fokasi yenyewe. Muuzaji anaweza asikwambie. Nenda na kadi yako ya memori, ifunge lenzi kwenye bodi ile ile unayonunua, piga picha kumi pale pale, zikuze uangalie. Kisha elekeza lenzi kwenye taa uchungulie ndani. Ukiona utando kama buibui, hiyo ni kuvu, acha.

Kuvu ndiyo adui yetu pwani. Chumvi na unyevu haviulizi bei ya lenzi. Ukitoka baharini futa kamera na kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi, kisha kikavu. Ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usibadilishe lenzi ukiwa kwenye boti. Usibadilishe lenzi ukiwa mchangani kaskazi ikivuma. Ikiwezekana, usibadilishe kabisa: funga ya mbali nyumbani, toka nayo, rudi nayo.

INAPOSHINDWA

Sitaki mtu aje kunilaumu, kwa hivyo nasema wazi. Lenzi hizi zinapitisha mwanga kidogo. Magharibi ikikaribia utapandisha ISO na picha itakuwa na chengachenga. Ndege wadogo wanaokatiza kwa kasi watakuacha, 2000D inapiga picha tatu tu kwa sekunde. Keremkerem wekundu wanaoshuka pwani wakati wa kaskazi na kulala kwenye mikoko utawapata wakitua, lakini kuwanasa wakigeuka hewani utapoteza picha nyingi kabla ya kupata moja.

Na ile IS au VR inatuliza mkono wako, haimtulizi ndege. Wala haitulizi mashua. Ukiwa kwenye maji weka kasi ya shata kuanzia 1/1000, ndege akiruka panda 1/2000, na ukubali ISO ipande. Picha yenye chengachenga inasomeka. Picha iliyotikisika ni ya kufuta.

KWANI INA MAANA GANI?

Hapa ndipo naambiwa, "Ndege ni mambo ya wazungu. Sisi tuna shida za kweli." Shida za kweli ndizo zinazonifanya nishikilie hili.

Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021 pale Kililana. Kabla yake mkondo ulichimbwa, mikoko ikakatwa. Sisemi bandari ni mbaya au nzuri, hiyo ni posti nyingine. Nauliza tu: sisi tuliozaliwa hapa, wangapi tuna picha, zenye tarehe na mahali, za kilichokuwa kikiishi kwenye yale matope kabla ya mashine kufika? Mzee anaweza kukueleza kwa mdomo. Mdomo wa mzee haumo kwenye ripoti.

Mnakumbuka mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi. Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni yake, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Watu wa Amu walisimama, wakasikilizwa. Lakini miradi haijaisha duniani. Siku nyingine mtu atakuja na kitabu kinene kimeandikwa kwamba mahali fulani hapana kitu cha maana. Ukiwa na picha za fungu lile lile, miezi kumi na miwili, miaka mitatu, tarehe na saa ndani ya faili, hutabaki kubishana. Utamwonyesha.

Na usidhani kila kitu hapa kimeshajulikana. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba kamera za mitego zilizowekwa kwenye misitu ya Boni na Dodori zilimnasa sange mkubwa, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, ambaye wataalamu hawakumtambua mara moja ni wa aina gani. Kamera hizo hizo zilionyesha pia paa nunga, ambaye ni adimu sana duniani, bado yupo kule. Waaweer wanaoishi misitu ile walikuwa wanajua wanyama wao zamani. Dunia ilijua picha ilipotoka.

Au shukeni Watamu muone. Kule watafiti wanamtambua pomboo mmoja mmoja kwa picha ya pezi lake la mgongoni, kwa sababu mikwaruzo na mikato ya kila pezi ni kama alama ya kidole. Pomboo wanapita hata kwetu, na nahodha wanaocheza nao kila wiki ni vijana tunaowajua. Pezi akiwa mita 30, lenzi ya 250 inatosha kabisa.

HESHIMA KWANZA

Lenzi ya mbali ina masharti yake, hasa hapa kwetu.

Kambi za jeshi, bandari, uwanja wa ndege: usielekeze kamera huko, hata kama furukombe ametua juu ya mnara. Tangu shambulio la Manda Bay la Januari 2020 hakuna askari atakayekusikiliza ukimwambia unapiga ndege. Ukikaribia maeneo hayo, weka kamera mkobani kabla hujaambiwa. Misitu ya Boni leo si mahali pa kijana na kamera yake, acha ujasiri wa mtandaoni.

Visiwa vidogo vya hifadhi ya bahari ya Kiunga ni mahali membe wanapotaga. Usishuke. Wazazi wakiruka kwa kukuogopa, yai linabaki juani, na jua la kwetu mnalijua. Unayo zumu, piga ukiwa kwenye boti, kisha uende zako. Kasa akipanda kutaga usiku, hakuna mwanga wa kamera wala tochi ya simu. Hiyo picha hatuihitaji.

Na binadamu ni binadamu. Lenzi inayofika mita 50 inafika pia madirishani na juu ya dari za watu. Mama wa mtu si ndege.

PESA SASA

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma. Kwa hivyo sitamwambia mtu auze mbuzi wa nyumbani anunue kamera, wala sitamdanganya kwamba picha za ndege zitamlipa mwezi ujao. Picha zangu zimewahi kulipa, na miezi mingi hazijalipa. Hoteli moja ilizitumia bila hata kuniuliza, ndivyo kwa graundi mambo yalivyo. Weka jina lako kwenye picha na uhifadhi faili za asili.

Lakini fikirieni hivi. Mama zetu wana chama: kila mtu anatoa kidogo, mmoja ananunua sufuria kubwa, zote zinapika harusi ya wote. Kwa nini vijana watatu wa mtaa mmoja wasichange wanunue bodi moja na lenzi moja? Ndege hawaji saa ishirini na nne. Wanakuja na maji, na maji yana ratiba. Huyu anachukua kamera bamvua hii, yule bamvua ijayo, mnaandikiana kwenye daftari. Kamera inayolala kabatini siku ishirini na tano kwa mwezi ndiyo ghali, hata kama umeinunua rahisi.

Kisha chagueni fungu moja. Moja tu, karibu na nyumbani, mnaloweza kulifikia kwa miguu au kwa kasia. Nendeni kila bamvua kwa mwaka mmoja. Pigeni kila kinachotua, hata kile mnachokiona cha kawaida. Msiyemjua jina, mwekeni iNaturalist mtasaidiwa kumtambua, na orodha za ndege mnaowajua zinapokelewa na mradi wa Kenya Bird Map. Mzee akiwatajia jina la Kiamu la ndege, liandikeni chini ya picha, kwa sababu majina nayo yanapotea.

Mwaka ukiisha mtakuwa na kitu ambacho mgeni hawezi kukipata hata aje na lenzi ya milioni mbili: fungu lenu kwenye kusi na kaskazi, nani kaja, nani kaondoka, nani hakurudi. Maji yanajaa kesho asubuhi kama kawaida. Angalieni tu ni saa ngapi.